Je, Barabara Zetu ni Barabara?

Katika jarida letu tumezoea kusoma makala ya ngeli, methali na fasihi simulizi. Leo naomba ruhusa tuiache ngeli kidogo, tutoke nje ya lango, tushuke barabarani.

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili. Barabara ni njia pana wapitayo watu na magari. Tena barabara ni kielezi: ukimwambia mwenzio, "Hapo umefanya barabara," maana yake amefanya sawasawa, hakuna kasoro. Basi swali langu ni hili: je, barabara zetu ni barabara? Mimi nasema bado, na nitajaribu kueleza kwa nini, na jinsi mtaa wa mji unavyoweza kuchorwa upya ili aendaye kwa miguu na aendaye kwa baiskeli nao wawe na mahali pao.

Sijachagua mada hii kwa kukosa ya kuandika. Barabara ipitayo mbele ya lango letu imetajwa kuwa itakarabatiwa, na wananchi wataitwa kutoa maoni. Wengi wetu wanafunzi wa kutwa huivuka barabara hiyo mara mbili kila siku. Tukinyamaza, itatiwa lami mpya laini, magari yapate kukimbia zaidi, na sisi tuzidi kuchupa kama swara. Tukisema, lazima tuseme kwa hoja, si kwa kelele. Kwa hivyo makala haya ni somo la kututayarisha.

1. Ni nani hasa atumiaye barabara?

Ukimwuliza mtu barabara ni ya nani, atakujibu bila kufikiri, "Ni ya magari." Lakini hebu tutazame mambo yalivyo. Jijini Nairobi, karibu safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu. Hapo sijawahesabu abiria wa matatu, ambao nao lazima watembee hadi steji na kutoka steji hadi waendako. Wenye magari ya binafsi ni wachache sana wakilinganishwa na umati huu. Ila ukisimama kando ya barabara utadhani ni wao peke yao waliomo mjini, maana wamepewa sehemu kubwa ya nafasi, na sisi wengine tumeachiwa ukingo wenye matope na mtaro usio na kifuniko.

Matokeo yake si ya kuchekesha. Kwa takwimu za NTSA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, mwaka 2023 watu zaidi ya 4,300 walipoteza maisha katika barabara za Kenya. Kundi lililoongoza ni la waendao kwa miguu: takribani mmoja katika kila watatu. Si abiria, si madereva. Ni mtu aliyekuwa akienda dukani, shuleni au kazini kwa miguu yake mwenyewe.

Na baiskeli je? Jamani, tusisahau tulikotoka. Neno "bodaboda" ambalo leo hutumiwa kwa pikipiki lilianza na baiskeli. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walibeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka, na kwa kuwa mpaka kwa Kiingereza cha watu wa huko ulitamkwa "boda", wakawa wakiita wateja, "Boda! Boda!" Lugha ikapokea, nasi tukapokea. Kwa hiyo baiskeli si jambo geni la Wazungu kama wasemavyo wengine. Ni chombo chetu cha kazi. Kilichotokea ni kwamba barabara zilipopanuliwa, mwenye baiskeli hakukumbukwa. Akasukumwa pembeni, na hatimaye wazazi wengi wakasema, "Mwanangu, hiyo baiskeli iache nyumbani, sitaki kukuzika."

2. Hesabu ya kasi na hesabu ya kuvuka

Wenzangu wa somo la fizikia, hapa ndipo penu. Tuchukue gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu. Dereva akiona mtoto mbele yake, huchukua kama sekunde moja kufahamu na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari halijapunguza mwendo hata kidogo. Baada ya hapo breki hushika, na tuseme gari linapunguza kasi kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde.

Gari la kilomita 30 kwa saa husafiri mita 8 na zaidi kidogo katika ile sekunde ya kwanza, kisha hukokotwa na breki kwa mita 5 hivi. Jumla ni mita 13, limesimama.

Gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde ya kwanza, kisha mita nyingine 14 za breki. Jumla ni mita 28.

Sasa tazama ajabu hii. Mtoto akiwa mita 13 mbele, gari la kwanza litasimama miguuni pake. Lile la pili, hapo alipo mtoto, ndiyo kwanza breki inakaribia kushika! Litampiga kwa kasi ileile ya kilomita 50. Tofauti ya mwendo ni kilomita 20 tu, lakini tofauti kwa mtoto ni kati ya kupata hofu na kupata jeneza. Sababu ni kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne.

Hesabu ya pili ni ya kuvuka. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 hivi kwa sekunde. Barabara ya lami yenye upana wa mita 9.5 atahitaji sekunde 8 kuivuka. Katika sekunde hizo 8, gari la kilomita 50 kwa saa hutembea mita 111. Maana yake ni kwamba ili uvuke salama, gari la karibu zaidi lazima liwe mbali nawe kuliko urefu wa uwanja wa kandanda. Lini ukapata mwanya kama huo saa moja na nusu asubuhi?

Ukiipunguza lami ikawa mita 6, na kasi ikawa kilomita 30, mtu yuleyule huvuka kwa sekunde 5, na mwanya anaohitaji ni mita 42 tu. Hujaongeza askari, hujaongeza taa. Umebadilisha vipimo, basi. Na ukimfikiria nyanya yetu atembeaye polepole, mita 0.8 kwa sekunde, yeye huhitaji sekunde 12 kwenye barabara pana na sekunde 7 na nusu kwenye ile nyembamba. Kwake yeye hizo sekunde 4 na nusu ni uhai.

3. Funzo kutoka Luthuli

Mwenye shaka na aende katikati ya jiji la Nairobi, kwenye barabara ya Luthuli. Barabara hii inaunganisha Tom Mboya na River Road, na imepewa jina la Albert Luthuli, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960. Wanunuzi wa redio, televisheni na simu wanaijua vizuri sana.

Kwa miaka mingi Luthuli ilikuwa msongamano mtupu. Matatu huku, mikokoteni kule, magari yamepandishwa ukingoni, honi kama harusi, na mwenye miguu akijipenyeza katikati kwa upande kama kaa. Mnamo mwaka 2019, Serikali ya Kaunti ya Nairobi ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, Gigiri, iliibadilisha. Magari yakaruhusiwa kwenda upande mmoja tu. Njia za miguu zikapanuliwa. Viti vikawekwa, miti ikapandwa, taa zikatiwa.

Fikra yenyewe ni rahisi. Barabara ya kwenda na kurudi huhitaji mikondo miwili. Ukiifanya ya upande mmoja, mkondo mmoja unakuwa huru. Swali ni utaupa nani mkondo huo. Ukiwapa magari, umetengeneza uwanja wa mashindano, kwa sababu barabara pana ya upande mmoja humshawishi dereva kukaza mwendo. Ukiwapa wenye miguu, umepata mtaa.

Baada ya Luthuli, kati ya mwaka 2020 na 2022, njia za miguu zilipanuliwa pia kwenye barabara kama Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu na Wabera, na mahali pengine nafasi za kuegesha magari zikaondolewa. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kaunti ilikuwa imepitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na ndani yake ikaahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya wenye miguu na baiskeli. Ahadi ni deni. Sera ikishaandikwa, mwananchi ana haki ya kuuliza kila mwaka: hiyo asilimia 20 iko wapi?

Nje ya nchi yetu pia kuna mifano. Mjini Copenhagen, Denmaki, mtaa wa Strøget ulifungiwa magari mwaka 1962. Wenye maduka walilalamika kwamba wateja watawakimbia. Watu wakaja kwa wingi, na hadi leo mtaa huo umejaa wanunuzi. Mjini Bogotá, Kolombia, tangu mwaka 1974 barabara kuu kadhaa hufungwa kwa magari siku za Jumapili, zikaachiwa baiskeli, watoto na wapiga mbio. Kolombia si nchi tajiri ya Ulaya. Kwa hiyo yule asemaye kwamba mambo haya ni anasa ya matajiri hajatafiti.

4. Tuchore pamoja: mtaa wa mita 20

Sasa toeni rula na kalamu. Tuchukue mtaa wa mfano wenye upana wa mita 20 kutoka ukuta wa duka hadi ukuta wa duka la pili. Mitaa mingi ya miji yetu imegawanywa hivi, au karibu na hivi:

Njia za miguu, mita 1.5 kila upande: mita 3.
Magari yaliyoegeshwa kwa mshazari upande mmoja: mita 5.
Magari yaliyoegeshwa kwa urefu upande wa pili: mita 2.5.
Mikondo miwili ya magari, kila mmoja mita 4.75: mita 9.5.
Jumla: mita 20.

Mmeona jambo? Magari yaliyosimama, yasiyokwenda popote, yamechukua mita 7.5. Watu wanaotembea wamepewa mita 3, na ndani ya hizo 3 kuna nguzo za stima, mama mboga, na bango la mchungaji. Tena nafasi ya gari moja lililoegeshwa ingetosha baiskeli kama 10. Gari hilo huweza kukaa hapo kutwa nzima bila kumsafirisha hata mtu mmoja!

Mikondo nayo ni mipana kupita kiasi. Gari dogo halifikii hata mita 2 kwa upana, na lori huwa na mita 2 na nusu hivi. Mkondo wa mita 3 watosha mjini. Ule wa mita 4.75 haumfai dereva kwa lolote isipokuwa kumpa tamaa ya kumpita mwenzake mahali pasipopitika.

Basi tugawe upya:

Mikondo miwili ya magari, kila mmoja mita 3: mita 6.
Njia za baiskeli, mita 2 kila upande: mita 4.
Utepe wa miti, taa, viti na wachuuzi, mita 2 kila upande: mita 4.
Njia za miguu, mita 3 kila upande: mita 6.
Jumla: mita 20.

Hatujabomoa duka hata moja, wala hatujanunua ardhi hata shibiri moja. Nafasi ya miguu imeongezeka mara mbili, baiskeli imepata njia, mti umepata mahali pa kuota, na magari bado yanapita, kwenda na kurudi. Na kwa kuwa lami ya magari imebaki mita 6, zile hesabu za sekunde 5 nilizozitaja zinatimia.

Kuna atakayesema, "Umewapunguzia watu nafasi ya kupita." La! Chama cha maafisa wa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, kinakadiria kwamba mkondo mmoja wa upana wa mita 3 hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa wakiwa ndani ya magari ya binafsi. Upana uo huo ukiwa njia ya baiskeli hupitisha watu 7,500, na ukiwa njia ya miguu, watu 9,000. Kwa hivyo anayetaka kupitisha watu wengi asipanulie magari. Awapanulie watu.

5. Mambo madogo yenye uzito

Rangi peke yake haitoshi. Ukipaka mstari mweupe na kuandika "baiskeli", kesho yake utakuta matatu imeegeshwa juu yake na makanga akipiga mluzi. Njia ya baiskeli iinuliwe kidogo kuliko lami, au itengwe kwa ukingo wa zege.

Kivukio kiinuliwe. Kivukio cha punda milia kikijengwa juu ya tuta bapa, usawa mmoja na njia ya miguu, dereva hupunguza mwendo apende asipende. Pia mwenye kiti cha magurudumu huvuka bila kubebwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa. Ili viti viwili vya magurudumu vipishane, njia ihitaji mita 1.8. Ile njia ya mita 1.5 iliyojaa nguzo basi haiwafai.

Kona ziwe kali. Kona iliyopindwa kwa upana huruhusu gari kukata bila kupunguza mwendo. Kona iliyo fupi humlazimisha dereva kuingia polepole, na hapo ndipo watu huvuka.

Mitaro ifunikwe. Mtaro ulio wazi ni mtego wa usiku. Vifuniko viwe vya zege, visiwe vya chuma, maana vya chuma hutembea vyenyewe hadi kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu.

Steji ipangwe. Njia ya baiskeli ipite nyuma ya steji ya matatu, si mbele yake, ili abiria anayeshuka asikanyagwe na matatu isimfungie mwendesha baiskeli njia.

Daraja la juu lisiwe dawa ya kila ugonjwa. Kwenye barabara kuu kama ile ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, daraja ni lazima, maana magari hukimbia na mikondo ni mingi. Lakini katikati ya mji, kumwambia mama mwenye gunia la viazi apande ngazi, avuke, ateremke, ili gari lisisimame sekunde 10, ni kumwonea. Ndiyo maana watu hupita chini ya daraja. Tunawaita wakaidi, kumbe wamepiga hesabu ya miguu yao.

6. Wapingao wasemavyo

Si haki kuwasikiliza wa upande mmoja tu. Nimewasikia wapingao, na hoja zao si za kupuuzwa.

Mwenye duka asema, "Gari lisipoegeshwa mlangoni kwangu, nitauza nini?" Ni swali la haki. Jibu ni kumwuliza wateja wake wa kutwa nzima walifika kwa njia gani. Mitaa kama Luthuli wengi hufika kwa miguu, na mwenye miguu ndiye awezaye kusimama akatazama dirishani. Mwenye gari lililo katika mwendo haoni hata jina la duka. Shida yake ya kweli ni kupakua mizigo. Basi atengewe saa, tuseme kabla ya saa mbili asubuhi, lori lisimame na lipakue.

Mwenye matatu asema, "Mnatutupa wapi?" Hapa lazima tuwe wakweli. Ukiondoa steji bila kupanga nyingine iliyo karibu, umemhamishia abiria mateso, naye ni mwenda kwa miguu vilevile. Mtaa hauchorwi peke yake. Huchorwa pamoja na mitaa jirani.

Wengine husema, "Hata mkipanua, wachuuzi na pikipiki watajaa." Hili ni kweli tupu, na mwenye macho ameliona. Njia pana isiyolindwa huwa soko au huwa maegesho ya bodaboda kabla ya zege kukauka. Lakini tazama: katika mchoro wetu mchuuzi ametengewa utepe wa mita 2. Anayejua mahali pake hana haja ya kupanga nyanya njiani na kukimbizana na askari wa kaunti. Pikipiki nazo huzuiwa na nguzo fupi zilizosimamishwa mita moja na nusu kila mahali njia inapoanza, nafasi ya kiti cha magurudumu kupita, lakini zikifuatana kwa mpindo hata pikipiki ione tabu. Na pawepo mtu wa kusimamia. Kujenga bila kutunza ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hoja ya mwisho ni fedha. Ni kweli zege na taa zina gharama. Hata hivyo, barabara ikiwa tayari inafumuliwa ili itiwe lami mpya, kuhamisha ukingo wakati huohuo ni nafuu kuliko kurudi kubomoa baadaye. Hii ndiyo sababu ninasema wakati wa kusema ni sasa, kabla ya tingatinga kuwasha injini.

7. Tufanyeje?

Katiba, Ibara ya 196, yaitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Hapajaandikwa kwamba mwananchi ni mwenye gari, wala kwamba lazima awe na kitambulisho ndipo apate kugongwa. Napendekeza chama chetu kiandike waraka mmoja, wa kurasa mbili, kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka, tuwaombe walimu wausahihishe na wazazi waupeleke kikaoni. Waraka wenyewe uombe mambo matatu tu, maana mwomba kumi hupewa sufuri: kivukio kilichoinuliwa mbele ya lango, njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo, na mwendo usiozidi kilomita 30 saa za kwenda shule na kutoka.

Ili waraka huo uwe na uzito, tunahitaji vipimo vyetu wenyewe. Kwa hiyo nawaachia zoezi.

Zoezi

(a) Pimeni upana wa barabara yetu kutoka ukuta hadi ukuta, kisha mpime kila sehemu: lami, maegesho, mtaro, njia ya miguu. Msiingie kwenye lami bila mwalimu wa zamu.
(b) Simameni ndani ya lango kwa saa nzima ya asubuhi. Kundi moja lihesabu watu wapitao kwa miguu, la pili baiskeli, la tatu magari pamoja na watu waliomo ndani. Je, nafasi imegawanywa kwa kadiri ya watu?
(c) Pimeni sekunde anazotumia mwanafunzi wa kidato cha kwanza kuvuka, na anazotumia mzee. Kwa hesabu niliyoionyesha, tafuteni mwanya kila mmoja anaouhitaji.
(d) Chora mgawanyo mpya wa barabara hiyo. Jumla ya vipimo vyako ilingane na upana uliopima. Usimnyang'anye mtu duka lake.

Msamiati wa somo

Kivukio: mahali palipotengwa pa kuvukia barabara.
Mkondo: sehemu ya barabara ipitayo safu moja ya magari.
Mshazari: upande upande, si wima wala si mlalo.
Steji: kituo cha matatu.
Ukingo: mwisho wa lami ulioinuliwa kwa zege au mawe.
Utepe: hapa, ukanda mwembamba wa ardhi kati ya njia mbili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa barabara yetu ufa tumeuona, nao una upana wa mita 9.5. Kikao cha maoni kikitangazwa, twendeni na vipimo mkononi, ili siku moja neno hili barabara lipate kuwa na maana zake zote mbili mbele ya lango letu.